Laptopu ya Busia imegeuza shilingi zetu kuwa za Kenya. Nisaidieni kabla bosi hajafunga hesabu za mwezi

nafaka_kisenyi (Jumamosi, saa 2:15 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Kisenyi, Kampala. Tunanunua mahindi na maharagwe. Ofisi kuu ni hapa, na tuna vituo viwili vya kununulia, kimoja Busia mpakani na Kenya na kingine Mutukula mpakani na Tanzania. Hifadhidata yetu ni ya Access, ile programu ya Microsoft. Aliitengeneza kijana mmoja mwaka 2019, akaenda zake Dubai, na mpaka juzi haikuwahi kututoa jasho.

Wiki tatu zilizopita laptopu ya Busia ilikufa. Karani wetu wa kule akavuka upande wa pili, akanunua nyingine iliyokwisha tumika, akaniomba faili. Nikampa dereva kwenye flashi. Alipolifungua, kila kitu kilikuwepo, ila kila palipokuwa na USh pameandikwa Ksh. Manunuzi ya USh 2,400,000 yanasomeka Ksh 2,400,000. Tarakimu ni zilezile, nchi ndiyo nyingine.

Sasa karani wetu ni dada makini sana, na umakini wake ndio uliotuponza. Akaona Ksh milioni 2.4 kwa kilo 2,400 za mahindi, akajua hakuna mtu timamu wa kununua kwa bei hiyo, akachukua kalkuleta akagawanya kwa 28, yaani shilingi za Uganda kwa moja ya Kenya. Akaandika 85,714. Akaendelea hivyo jioni mbili, hakumaliza, umeme ukakatika akaacha. Manunuzi mapya akawa anayaingiza kwa sarafu yoyote aliyomlipa nayo muuzaji siku hiyo.

Ijumaa faili limerudi, nikaliunganisha na la hapa. Jumla ya Busia imekonda kama mtu aliyetoka kuugua malaria. Nakala ya zamani ninayo, lakini ni ya kabla ya hizo wiki tatu. Nitajuaje mstari upi umegawanywa na upi haujaguswa? Na hii Ksh imetoka wapi, wakati mimi sikubadilisha kitu?

bit_ya_Ntinda (Jumamosi, saa 2:40 usiku)

Nianze na la pili, ni jepesi. Ksh imetoka kwenye Windows.

Kwenye Access, safu ya aina ya Currency haihifadhi sarafu, licha ya jina lake. Inahifadhi namba tupu yenye nafasi nne baada ya nukta, basi. Ile alama ya mbele inachukuliwa wakati wa kuonyesha, kutoka mipangilio ya Region ya kompyuta iliyofungua faili. Laptopu iliyouzwa Kenya imepangwa Kenya, kwa hiyo namba yako inavishwa Ksh. Ipeleke Uingereza, itavishwa alama ya pauni. Namba yenyewe haikuguswa na mtu mpaka dada aliposhika kalkuleta.

Usiku huu fungua muundo wa jedwali, kwenye Format ondoa Currency uandike #,##0 ili alama isionekane kabisa. Kisha ongeza safu ya herufi tatu, iite sarafu: UGX, KES, TZS. Hiyo ni misimbo ya ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, usibuni ya kwako. Na "Sh" peke yake usiiruhusu popote. Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia wote wana shilingi.

Dereva_Elegu

Nilikuwa nasoma nikingoja tu mtu aseme kosa ni la dereva aliyebeba flashi 😂 Leo tumepona.

fundi.busia (Jumamosi, saa 3:05 usiku)

Ssebo wa Kisenyi, usimgombeze huyo dada. Hapa Busia mtu anauza kwa Kenya, ananunua unga kwa Uganda, na chenji anarudishiwa mchanganyiko. Ukisikia "mia mbili" unamtazama kwanza msemaji, ujue ni za wapi. Yeye alifanya ambacho mtu yeyote wa mpakani angefanya akiona bei isiyowezekana.

Nikuulize: kila mstari wa manunuzi una kilo zake?

nafaka_kisenyi

Zipo, fundi. Kilo, zao, tarehe, namba ya risiti.

fundi.busia (Jumamosi, saa 3:20 usiku)

Umepona basi, angalau kwa Busia. Tengeneza kwiri (swali la kuiuliza hifadhidata) inayogawanya kiasi kwa kilo, ipange kuanzia ndogo kwenda kubwa, zao mojamoja. Kwa mahindi utaona mafungu mawili. Kama mmekuwa mkinunua kati ya 900 na 1,200 kwa kilo, fungu la kwanza litakaa hapohapo na la pili litakaa kwenye 32 hadi 43. Katikati ni jangwa, hakuna mstari hata mmoja. Kiwango cha 28 ni pengo kubwa sana, bei ya mahindi haiwezi kulivuka ndani ya wiki tatu. Maharagwe yapime peke yake, usiyachanganye na mahindi. Ya 3,200 yakigawanywa yanasoma 114 hivi.

Ila usije ukachukua fungu la chini ukalizidisha kwa 28 ukadhani umerudisha. 85,714 mara 28 ni 2,399,992. Umepoteza shilingi 8, na kila mstari utakuwa na upungufu wake mdogo. Mhasibu akiona sarafu nane nane zinapotea ataamini kuna mwizi mwenye subira. Mistari ambayo iko pia kwenye nakala yako ya zamani, irudishe kutoka huko kwa namba ya risiti. Ile mipya ya fungu la chini usiiguse: hiyo ililipwa kwa Kenya kweli. Iandikie KES, iache.

kijana_wa_seva (Jumamosi, saa 3:31 usiku)

Mimi nashangaa bado mnatumia Access mwaka huu. Hamieni PostgreSQL, hifadhidata ya kwenye seva, ina aina maalumu ya fedha inaitwa money, inashughulikia haya yote.

bit_ya_Ntinda (Jumamosi, saa 3:44 usiku)

Kaka, kuhamia ni sawa, lakini hiyo money ndiyo ugonjwa uleule kwenye nyumba ya kifahari. Inaonyesha na kusoma fedha kwa kufuata mpangilio wa lc_monetary wa seva. Hata idadi ya nafasi baada ya nukta inaamuliwa na mpangilio huo. Ukichukua nakala ya data kwenye seva yenye mpangilio mmoja ukairudisha kwenye seva yenye mwingine, utapata alichopata karani wa Busia, ila safari hii bila karani wa kumlaumu. Nyaraka za PostgreSQL zenyewe zinaonya kuhusu hilo. Tumia numeric kwa kiasi, na safu ya pembeni kwa sarafu.

kijana_wa_seva

Sawa mkuu, nimeelewa. Lakini si wangeweka tu kompyuta zote kwenye mpangilio wa Uganda, wakamaliza?

bit_ya_Ntinda

Waweke, leo hii. Ila kesho bosi atafungua ripoti kwenye laptopu ya mwanawe aliyerudi kutoka Marekani, tuanze uzi mwingine.

mzee_wa_daftari (Jumapili, saa 1:10 asubuhi)

Wanangu, mimi ni mhasibu mstaafu, niko Jinja. Nimeamka mapema nikakuta uzi huu, nikacheka peke yangu, mama watoto akauliza kuna nini.

Hili mnaloliita tatizo la Windows ni la zamani kuliko kompyuta. Mpaka mwaka 1966 sisi, Kenya na Tanzania tulitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Ukiandika 20/= daftarini, kila mtu alijua ni nini. Zikaja benki kuu tatu na shilingi tatu, lakini mkono wa karani ukaendelea kuandika 20/= vilevile. Ile alama ya mkwaju na mistari miwili haijawahi kusema ya nchi gani, na mpaka leo mnaandika hivyohivyo kwenye simu zenu.

Kisha ikaja Mei 1987. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake serikali ikakata asilimia 30. Nilikuwa karani kijana wakati huo. Vitabu vya Aprili vina sufuri mbili zaidi ya vya Juni, na ukivijumlisha pamoja bila kujua unapata upuuzi mtupu. Ndiyo maana kwenye orodha hiyo ya ISO shilingi ya kabla ya hapo ina msimbo wake, UGS, na ya sasa ni UGX. Herufi moja ya mwisho ndiyo inayokuambia kama mtu alikuwa tajiri au maskini.

Sasa la kiwango cha kubadilishia, maana naona hamjaligusa. Hicho 28 alichotumia dada kimetoka wapi? Cha siku gani? Kiwango kihifadhiwe ndani ya muamala wenyewe, kile mlichobadilishia kweli siku hiyo. Msiweke jedwali moja la "kiwango cha leo" halafu ripoti ya mwezi wa tatu ikajihesabu upya kila asubuhi. Ripoti iliyokwisha sainiwa haitakiwi kubadilika kwa sababu soko la fedha limeamka vibaya.

Tena kiwango cha benki si ulichopewa dirishani. Kampala mnajua wenyewe, dola ya noti ya 100 mpya ina bei yake na dola za noti ndogondogo au za miaka ya nyuma zina bei ya chini. Sarafu moja, siku moja, duka moja, viwango viwili. Mashine haiwezi kukubunia hicho, lazima mtu akiandike.

Na mwelekeo. Andikeni "UGX ngapi kwa KES 1", yaani 28, halafu mzidishe. Msiandike kinyume chake. Huyo kijana wa Ntinda kasema aina ya Currency ina nafasi nne tu baada ya nukta. Moja kugawanya kwa 28 ni 0.0357142 na kuendelea, itakatwa ibaki 0.0357. Kwa UGX milioni 10 mtapata KES 357,000 badala ya 357,143. Hizo 143 za Kenya ni kama elfu nne za kwetu, na zimeondoka bila kupitia mfukoni mwa mtu.

Dereva_Elegu

Mzee shikamoo. Ya noti ndogo ni kweli tupu, nimeonewa mara nyingi. Huku kwetu wenye pauni za Sudani Kusini wanakutajia bei kwa dola kabisa, maana kiwango cha asubuhi si cha jioni.

nafaka_kisenyi (Jumapili, saa 4:50 asubuhi)

Shikamoo mzee. Nimekaa na kwiri ya fundi tangu alfajiri. Imetokea kama alivyosema, mafungu mawili, katikati hakuna kitu! Mistari 212 ya Busia: 131 haijaguswa, 58 iligawanywa nikairudisha kutoka nakala ya zamani, 23 ni mipya iliyolipwa kwa Kenya. Nimeongeza safu ya sarafu na ya kiwango. Banange, nimelala saa mbili tu lakini nina furaha.

fundi.busia

Vizuri sana. Jambo moja kwenye fomu ya kuingizia: sarafu isijazwe yenyewe. Najua utataka kuweka UGX iwe ya kwanza ili kumpunguzia karani kazi. Usifanye hivyo kwa vituo vya mpakani. Ataipita bila kuitazama, na safari hii jangwa la katikati halitakuwepo la kukuokoa, maana msimbo utakuwa unadanganya kwa herufi nzuri. Iache tupu, ikatae kuhifadhi mpaka achague.

Mutukula_Sokoni (Jumapili, saa 6:20 mchana)

Ndugu zangu wa Kampala, habari za huko. Naomba nimwage maji kwenye furaha kidogo. Ujanja wa mafungu mawili umefanya kazi Busia kwa sababu ya hiyo 28. Huku Mutukula shilingi moja ya Tanzania ni kama 1.4 ya Uganda. Chukua mahindi yenu ya 900 hadi 1,200, yagawanye kwa 1.4: yanakaa 643 hadi 857. Ongeza mahindi yenye unyevu ambayo tunayakata bei, yanashuka mpaka 800 za Uganda. Yameshaingiliana. Ukiona 820 kwa kilo huwezi kujua kama ni mahindi mazuri yaliyolipwa kwa Tanzania au mahindi mabichi yaliyolipwa kwa Uganda.

Karani wa Mutukula naye aliandika kwa sarafu yoyote?

nafaka_kisenyi

Laptopu yake haikubadilika, kwa hiyo hakugawanya kitu. Lakini sasa umeniuliza... namfahamu, analipa kwa zote mbili. Na safu ya sarafu haikuwepo tangu 2019. Ee Mungu wangu.

bit_ya_Ntinda

Karibu kwenye tatizo lako halisi. Busia ilionekana kwa sababu kosa lilikuwa kubwa. Mutukula imekuwa ikikosea taratibu kwa miaka.

duka_la_mabati_Mbale (Jumapili, saa 9 alasiri)

Samahani kuingilia, nina swali la jirani. Mimi nauza mabati na misumari, bei zangu zina VAT ndani. Bidhaa ya 5,000, VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani ni 762.71. Shilingi yetu haina senti, programu inaandika 763. Mteja akichukua tatu, mistari inajumlika 2,289, lakini nikikokotoa kwenye jumla ya 15,000 napata 2,288. Shilingi moja inanitesa. Nani mkweli?

mzee_wa_daftari

Wote wakweli, mwanangu, ila chagua mmoja umfuate siku zote. Mimi ningetunza senti ndani ya mstari na kufikisha kwenye shilingi kamili mara moja tu, mwishoni.

bit_ya_Ntinda (Jumapili, saa 9:35 alasiri)

Naunga mkono mzee. Kwa ISO, UGX ina nafasi sifuri za senti, RWF ya Rwanda vilevile, lakini KES na TZS zina mbili. Kwa hiyo idadi ya nafasi ni sifa ya sarafu, iwekwe kwenye jedwali la sarafu, isiandikwe ndani ya programu. Na anayepokea malipo ya kadi kupitia kampuni za nje asome maelekezo yao kwa utulivu. Kuna zinazotaka kiasi kizidishwe kwa 100 kabla ya kutumwa, hata kwa sarafu ambayo kila mtu anajua haina senti. Anayeruka ukurasa huo atatoza mteja sehemu ya mia ya bei, na mteja hatapiga simu kulalamika.

Na kwa kuwa tumefika kwenye tarakimu: shilingi yetu ina sufuri nyingi, na masomo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaowaza dola. Utaona DECIMAL(10,2) kila mahali. Maana yake tarakimu 10 kwa jumla, mbili zikiwa za senti, kwa hiyo mwisho wake ni 99,999,999.99. Kwa dola huo ni utajiri wa kutosha. Kwa shilingi ya Uganda, trela moja la kahawa iliyokobolewa linavuka hapo bila hata kupiga honi. Niliwahi kuitwa kwa mteja mmoja mwenye hifadhidata ya MySQL ya zamani, nikakuta mistari saba tofauti, wauzaji saba tofauti, wote wamelipwa 99,999,999.99. Kila mmoja ofisini alidhani ni bei ya makubaliano! Ukweli ni kwamba MySQL ikiwa imezimwa ukali wake (strict mode), namba ikizidi haikataliwi. Inakatwa kwenye kikomo, inatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma. Tangu toleo la 5.7 ukali huo huja umewashwa, tafadhali msiuzime.

Wanaotumia namba nzima wajue kikomo cha INT, na cha Long Integer ya Access pia: 2,147,483,647. Bilioni mbili na kidogo. Jumla ya msimu ya wafanyabiashara wengi humu inaipita. Na aina za Double msizitumie kwa fedha kabisa. Haziwezi hata kujumlisha 0.1 na 0.2 zikatoa 0.3 kamili.

Mpondwe_Kwetu (Jumapili, saa 11 jioni)

Ninyi mna alama tu inayobadilika. Sisi huku Mpondwe tunapokea faili kutoka kwa wenzetu wa Kongo, kompyuta zao zimepangwa Kifaransa. Kwao mkato ndio nukta. Mizani yetu inatoa faili lenye "12,500", sisi tunasoma kilo elfu kumi na mbili na mia tano. Likifunguliwa kule linakuwa kilo kumi na mbili na nusu. Lori zima limekuwa mfuko wa sukari. Na wakituma wao, Excel yao inatenganisha safu kwa nuktamkato badala ya mkato, kwa hiyo huku kila kitu kinarundikana kwenye safu moja.

Tulichofanya: faili za kubadilishana hazina kitenganishi cha maelfu hata kimoja, nukta ndiyo ya desimali, na tarehe ni mwaka kwanza, mfano 2024-04-03. Mapambo kila mtu ajiwekee kwake. Tangu hapo tumelala.

bit_ya_Ntinda

Hiyo ya tarehe muipigie mstari, hasa wa Access. Tarehe ukiiandika ndani ya SQL, lugha ya kwiri, kati ya alama za reli (#), Access huisoma Kimarekani, mwezi kwanza, hata kama Windows yako ni ya Uganda. 03/04 inakuwa tarehe 4 Machi. 25/04 inasomwa sawasawa kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Ndiyo maana kosa halionekani. Nusu ya mwezi inakwenda vizuri.

MamaDesimali (Jumapili, saa 1:30 usiku)

Nimeona neno desimali nikaja mbio, kumbe mnazungumzia nukta. Mimi desimali yangu ni ardhi, nauza viwanja Mukono 😄

Lakini ugonjwa ni huohuo, sikilizeni. Desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 madalali wote wanakiita desimali 12, wengine 12 na nusu. Ekari ina futi za mraba 43,560. Piga hesabu: desimali moja ni futi za mraba 435.6, na 5,000 ukigawanya kwa 435.6 ni 11.48. Desimali 12 na nusu kamili ni futi za mraba 5,445. Zile 445 hazipo, bambi, ni za mdomo tu. Halafu hati inakuja na hekta: 0.0465. Mteja anashika karatasi mbili anadhani kaibiwa. Na nikikutana na mzee wa Buganda ananitajia mailo, maili moja ya mraba, ekari 640, urithi wa makubaliano ya mwaka 1900.

Kwenye orodha yangu nilikuwa na safu moja, "ukubwa". Ndani yake 12, 50x100, 0.0465 na 2, ambayo mpaka leo sijui ni ekari mbili au mailo mbili, ingawa nikimtazama mwenyewe nadhani ni ekari. Sasa nina safu tatu: namba kama muuzaji alivyoitaja, kipimo alichotumia, na mita za mraba nilizopima. Ya kwanza siifuti hata kama ni uongo, maana siku ya ugomvi nitaulizwa alisema nini.

nafaka_kisenyi (Jumatatu, saa 5 asubuhi)

MamaDesimali, umeandika jana na leo yamenikuta. Fedha za Busia zimekaa sawa. Nimekwenda ghalani kulinganisha kilo, haziingiani. Daftari la Busia linasema zaidi ya kilichopo kwa karibu sehemu moja ya kumi, lakini kwenye baadhi ya safari tu, mizigo mingine iko sawa kabisa. Kila siku ni panya, lakini panya hawachagui safari.

fundi.busia (Jumatatu, saa 5:12 asubuhi)

Hizo safari pungufu, mzigo ulifungwa upande wa Kenya?

nafaka_kisenyi

Ngoja niangalie... Ndiyo. Zote. Umejuaje?

fundi.busia (Jumatatu, saa 5:20 asubuhi)

Gunia la mahindi la Kenya ni kilo 90. La kwetu mnahesabu 100. Nina hakika yule kijana wa Dubai aliandika ndani ya fomu "magunia mara 100", na dada anaingiza idadi ya magunia, kilo zinajitokeza zenyewe. Magunia 40 ya Kenya, umeandikiwa kilo 400 ambazo hazikuwahi kuota shambani.

Na hapa nijikosoe. Juzi nilikuambia kilo ndizo kipimo cha kugundua sarafu. Umebahatika kwa kuwa kosa la asilimia kumi haliwezi kuziba pengo la mara 28. Kwa Mutukula lingekupoteza vibaya zaidi.

Kilo ziwe zile mizani ilizosema, mizani yenye muhuri wa UNBS, shirika la viwango la Uganda. Magunia yaandikwe pembeni kama idadi, na aina ya gunia. Debe nalo mliogope. Debe ni ujazo, si uzito. Debe la mahindi, debe la maharagwe na debe la kahawa kiboko (kavu isiyokobolewa) havilingani, na lililojazwa mpaka likawa na kilele halilingani na lililosawazishwa kwa mkono. Anayeweka "debe 1 = kilo 18" kwa mazao yote kwenye jedwali lake anajitafutia uadui na ghala.

mzee_wa_daftari

Wakati wangu tuliandika "magunia 40 (K)" kwa kalamu nyekundu. K ni Kenya. Ilitosha.

kijana_wa_seva

Mzee, hiyo K ndiyo safu ya kipimo tunayoizungumza hapa tangu jana 🙌

nafaka_kisenyi (Jumatano, saa 2 usiku)

Mrejesho. Fomu mpya ziko Busia na Mutukula. Sarafu inachaguliwa, kipimo kinachaguliwa, kilo zinatoka kwenye mizani, kiwango kinaandikwa kwa mkono jinsi mzee alivyosema. Dada wa Busia nimempigia simu nikamwomba radhi. Akacheka, akasema hata yeye alishangaa mbona sisi Kampala tumekuwa matajiri ghafla.

Kwa Mutukula nimeamua kutokisia. Mistari ambayo sina hakika nayo nimeiacha bila sarafu, haiingii kwenye jumla yoyote, na ripoti inaonyesha chini idadi yake ili bosi aione. Ilikuwa 94. Nyingi nimezipata kwenye ujumbe wa malipo ya simu, maana huo unataja sarafu. Zimebaki 17 zilizolipwa taslimu. Karani anasema vitabu vya risiti viko kwenye sanduku nyumbani kwa mama mkwe wake Kyotera, atavipakia kwenye basi Ijumaa.

Mutukula_Sokoni

Mwambie apige picha kwanza kabla ya kupakia. Hilo basi nalijua.